Sarbani na Dawa Iliyozuia Kila Kitu

Sarbani Rajbanshi alikuwa na tabia ya kutukana molekuli. Sisemi alinung'unika chini chini, la. Alitukana kwa sauti, mchana kweupe, ameikabili kompyuta yake, bakuli la bisi za mchele na pilipili mbichi pembeni. "Toka hapa, kiguu na njia wewe! Unajikunjakunja upite mlangoni, ukifika ndani huna kazi!" Wageni wa taasisi walidhani anagombana na mume kwenye simu. Mume mwenyewe hakuwa naye. Alikuwa ameona molekuli ambayo kompyuta imeisifu na yeye hakuipenda, basi.

Mimi naitwa Shefali Naskar, fundi wa maabara katika taasisi hiyo hiyo ya dawa hapa Kolkata. Yeye alikaa ghorofa ya tatu, mimi ya pili, chini ya miguu yake. Yeye alitafuta dawa kwa hesabu, mimi nikazijaribu kwa mikono. Mimi niliajiriwa ajira ya kudumu nikiwa na miaka ishirini na sita, kwa kupasi mtihani mmoja wa kuchagua jibu sahihi. Yeye, mwenye shahada tatu, alifanya kazi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, miaka kumi na minne mfululizo. Nalisema hili mapema kwa sababu bado linaniuma, na sina mpango wa kulizungukazunguka.

Kazi yetu ilikuwa kala-azar, homa inayovimbisha bandama na kuenezwa na usubi. Kimelea cha ugonjwa ule kina kimeng'enya kimoja, protini inayomfanyia kazi zake, ambacho bila hicho hakiishi hata siku. Kimeng'enya hicho kina pango ubavuni, na humo ndimo kinamofanyia kazi. Ukipata molekuli ya kuingia mle ikakaa isitoke, kazi inasimama na kimelea kinakufa. Sarbani alikuwa na umbo la pango hilo ndani ya kompyuta, mpaka kona ya mwisho. Mwaka ule aliipa kompyuta molekuli milioni mbili. Kila moja iligeuzwa, ikapinduliwa, ikasukumwa pangoni, ikapewa alama. Mashine zilinguruma miezi miwili, na umeme ulipokatika sote tuliwasikia watu wa Garia, mtaa wa kusini mwa jiji, wakitukanwa, kwa sababu ndiko anakokaa mhandisi wa umeme ambaye Sarbani alimchukia, na Sarbani mwenyewe anakaa huko huko.

Kompyuta ikimaliza hutoa orodha, ya kwanza mpaka ya mwisho. Wengine huchukua mia za juu wakaenda zao kunywa chai. Sarbani alizikagua kwa macho elfu mbili za juu, moja baada ya nyingine. Wiki tano nzima.

"Si imekwisha kuzipa alama?" nilimwuliza. "Unatafuta nini tena?"

"Kompyuta ni mshenga, Shefali. Analipwa ili aseme bwana harusi ni mzuri. Meno lazima umwangalie mwenyewe."

"Ndiyo maana hukuolewa!"

"Ndiyo maana sikuolewa vibaya," akanijibu, akarudi kwenye skrini.

Alichagua sitini. Zikaagizwa, zikaja kwenye vichupa vidogo, unga kidogo tu ndani yake. Mimi nikaanza kuzijaribu kwenye sahani zangu za plastiki, zile zenye vishimo tisini na sita. Kila kishimo kinapata kimeng'enya, chakula chake, na molekuli moja. Kimeng'enya kikiwa kazini, kishimo kinang'aa. Kikizuiwa, kinabaki giza. Mashine inasoma mwanga, inatoa namba.

Nyingi hazikufanya kitu. Chache zilizuia robo, theluthi hivi. Halafu siku moja ya Juni, mvua zimeanza, nikasoma kishimo cha namba thelathini na moja nikadhani nimesahau kutia chakula. Giza totoro. Nikarudia mara tatu. Asilimia tisini na nane! Nikapanda ngazi mbili mbili na ndala zangu za maabara, nikapiga kelele mlangoni kama mtu aliyeona nyoka.

Kufikia saa saba mchana Profesa Lahiri, mkuu wa idara yetu, alikuwa ameshaagiza chungu cha rosogolla, madonge matamu ya maziwa yanayoelea kwenye shira. Watu walikula shira ikawatiririka mpaka viwikoni. Profesa akasimama juu ya kiti, mzee mzima wa miaka sitini na tatu, akatangaza kwamba kampuni moja ya dawa ya Mumbai itakuja kutazama, na kwamba nafasi ya kudumu ya mtaalamu wa kuunda dawa kwa kompyuta, iliyokwama Delhi miaka sita, imetoka. Usaili ni Jumatatu moja mwisho wa Julai.

"Na kila mtu anajua nafasi hiyo ni ya nani," akasema, akamtazama Sarbani. Watu wakapiga makofi. Mimi nikalia, nasema kweli.

Maana hesabu yake ilikuwa hivi. Nafasi za serikali zina ukomo wa umri. Ukitimiza arobaini na tano, huruhusiwi hata kutuma barua. Usaili ulikuwa Jumatatu, na Sarbani angetimiza arobaini na tano Alhamisi ya wiki ile ile. Siku tatu tu! Akiikosa hii, hakuna nyingine mpaka kaburini. Au mpaka mtoni, maana sisi twachomwa.

Nyumbani kwao jina lake la utani ni Buri, yaani Bikizee. Ndivyo tunavyowaita watoto wa kike, wangali wachanga, kwa mapenzi. Basi akasema mbele ya wote, "Mama yangu aliniita Bikizee siku niliyozaliwa. Serikali imechukua miaka arobaini na mitano kukubaliana naye." Tukacheka. Lakini niliona hakuigusa rosogolla hata moja, na Sarbani kwa vitu vitamu huwa hana simile.

Alibaki na mashaka wiki kadhaa, na Jumatatu ya wiki moja kabla ya usaili akaniita juu. Namba thelathini na moja ilikuwa kwenye skrini, ndefu, bapa, imelala pangoni na nusu ya mwili iko nje.

"Mtazame huyu," akasema. "Kompyuta ilimpa nafasi ya elfu moja na mia nne. Nilimchukua ili nitimize sitini, basi. Hajashika kitu. Miguu iko barazani. Anazuiaje asilimia tisini na nane?"

"Labda kompyuta ilikosea, yeye ni mzuri."

"Labda. Nijaribie kwenye kimeng'enya kingine. Chochote. Kile cha kongosho la ng'ombe mnachofundishia wanafunzi."

"Cha nini? Ng'ombe ana kala-azar?"

"Jaribu tu, mdogo wangu."

Nikajaribu. Asilimia tisini na saba. Nikatoa kwenye friji kimeng'enya cha maharage. Tisini na sita. Nikampelekea namba nikichekelea, mjinga mimi, nikidhani namletea habari njema juu ya habari njema. Dawa yenye nguvu kiasi hicho!

Sarbani akaweka bakuli lake chini.

"Dawa inayozuia kila kitu haizuii chochote," akasema. "Inaganda mabonge, Shefali. Unajua unga uliokorogwa vibaya? Yanaelea majini mabonge madogo usiyoyaona, na kimeng'enya chochote kikipita kinanasa juu yake, kama nzi kwenye sukari guru. Haijaingia pangoni hata kidogo. Hailijui pango lenyewe." Akafuta miwani. "Ila kinachonishangaza ni kimoja. Tone la sabuni huyavunja mabonge hayo. Ndiyo maana sabuni imo kwenye maelekezo yako tangu zamani. Sasa yameganda vipi wakati sabuni imo?"

Nikaanza kuzipanga upya zile karatasi za namba.

"Shefali. Si imo?"

Ngoja niseme ilivyokuwa, na mwenye kunicheka anicheke. Mwezi Machi tuliletewa mashine mpya ya kumimina. Ina kasi, na kasi yake ilikuwa inaipiga ile sabuni povu. Povu likikaa juu ya kishimo, mwanga unayumba, namba zinaruka kama panzi. Profesa aliniitia mbele ya wanafunzi, akanionyesha michoro yangu, akaniuliza kama nimeanza kunywa. Mimi! Damu ikanichemka. Nikarudi kwenye meza yangu nikaiacha sabuni. Tone lenyewe dogo hata halionekani, nikajisemea, nani atalikumbuka? Namba zikatulia, zikanyooka, zikapendeza. Profesa akanisifu. Na kwenye daftari la maabara nikaendelea kuandika maelekezo ya zamani, sabuni ikiwemo, kwa sababu mkono ulishazoea.

"Niliitoa," nikamwambia.

"Lini?"

"Machi."

"Machi ya mwaka huu?"

"Dada, nisamehe."

Uso wake ulibadilika rangi. Nilingoja anitukane kama anavyozitukana molekuli zake, na ningeona nafuu. Hakunitukana.

"Nitakusamehe kesho," akasema. "Leo katie sabuni."

Nikashuka. Nilimimina kwa mkono, polepole, kwa pipeti, ili povu lisiwepo. Safu ya juu bila sabuni, safu ya chini na sabuni. Sarbani alisimama nyuma yangu, mikono kifuani. Safu ya juu ikabaki giza. Safu ya chini vishimo vikawaka, kimoja, kingine, vyote. Mashine ikatoa namba. Kutoka tisini na nane, namba thelathini na moja ilikuwa imeshuka hadi nne.

Sarbani akaisoma ile karatasi, akaikunja mara mbili, akaenda moja kwa moja kwa Profesa bila kuvua koti. Nikamfuata, kwa sababu kosa langu lilikuwa linatembea mbele yangu.

Profesa Lahiri si mtu mbaya. Nimemchukia mara nyingi, lakini mtu mbaya simwiti. Aliisoma karatasi, akaomba mlango ufungwe.

"Ijumaa kampuni inakuja," akasema. "Jumatatu ijayo ni usaili wako. Bi Rajbanshi, karatasi hii imekuja mapema mno kwa wiki nzima."

"Imechelewa kwa miezi minne, Profesa."

"Usinijibu kwa vitendawili. Sikwambii udanganye. Toa yale tuliyonayo: orodha, umbo la pango, ile tisini na nane. Sabuni ni jaribio la baadaye. Tutasema baadaye kwamba tumegundua shida. Inatokea kila siku, dunia nzima."

"Tutasema wakati wao wamekwisha kutia saini."

"Tutasema wakati wewe umekwisha kupata kazi!" Akapiga meza. "Nakupigania wewe, mwanamke! Nimepigania nafasi hii miaka sita. Mwakani nastaafu. Unadhani atakayekuja atakujua? Unadhani Delhi itasogeza umri kwa ajili yako? Jumatatu watakuuliza swali moja: umepata nini? Utajibu nini? Sabuni?"

"Nitajibu nilichopata."

"Basi huna kitu."

"Basi nitajibu sina kitu."

"Kichwa ngumu!" Profesa akasema. "Nakuamuru, namba ya sabuni isiingie kwenye slaidi."

"Ng'o," akasema Sarbani.

Miaka kumi na minne ya mkataba, saini yake ikingojwa kila mwaka na mtu yule yule, na akamwambia ng'o! Mimi mwenye kazi ya kudumu nisingethubutu.

Alhamisi nikapanda treni mpaka Garia, nyumbani kwake. Nilikwenda kumwomba. Sitaki kujipamba hapa: nilikwenda kumwomba anyamaze. Nililala siku tatu nikiona uso wake Jumatatu, kwenye usaili, mikono mitupu kwa sababu yangu. Mama yake, mwanamke mfupi mwenye sari nyeupe ya ujane, alinikalisha, akaniletea samaki wa hilsa wa haradali kabla sijafungua mdomo. Ukila hilsa huwezi kusema haraka, miiba itakuua, kwa hiyo nilimwaga maneno yangu vipande vipande.

"Dada, siku nne. Nyamaza siku nne tu. Ukishapata barua mkononi, sema yote. Nitasema na mimi. Hakuna atakayekufa kwa siku nne."

Sarbani alikuwa akimtolea mama yake miiba. Hakuinua macho.

"Kaka yangu Tapan," akasema, "alichomwa sindano za kala-azar kule Malda, kaskazini. Zilikuwa za siku thelathini, kila siku sindano moja. Dawa zile za zamani. Nilikuwa na miaka tisa, mimi ndiye niliyembebea maji hospitalini. Siku ya ishirini na mbili moyo wake ukasimama. Kala-azar ilikuwa imeanza kutoka, Shefali. Dawa ndiyo iliyomuua. Daktari akamwambia baba: dawa tulijua ni hivyo, lakini ndiyo tuliyokuwa nayo."

"Hii haifiki kwa mgonjwa yeyote! Itafia kwa panya!"

"Najua. Panya kwanza, na miaka mitatu, na watu ishirini wakiifukuzia. Miaka hiyo mitatu pango letu litakaa wazi bila mtu kulitafutia kitu, kwa kuwa kila mtu atasema tayari kuna namba thelathini na moja." Sasa akaniangalia. "Kiti cha kudumu nakitaka. Usifikiri mimi mtawa. Nakitaka mpaka tumbo linauma. Nataka bima ya mama. Nataka jina langu mlangoni, si karatasi iliyobandikwa kwa gundi. Lakini nikikikalia kwa namba ile, kila asubuhi nitakuwa nimeukalia uongo."

Mama yake akacheka kwa pua. "Huyu alizaliwa miguu mbele," akaniambia. "Mkunga alisema mrudishe ndani. Mimi nikasema thubutu! Kula samaki wako, mwanangu, anapoa."

Mlangoni, nikivaa viatu, Sarbani alinishika bega. "Kesho nitasema ni kosa la kompyuta. Nilichagua vibaya. Jina lako halitatajwa."

Nikavaa kiatu cha pili, nikamuaga. Treni nzima ya kurudi nilijiona nimepona, na chini ya kupona huko nikajichukia.

Ijumaa walikuja watu watatu wa kampuni, wakaketi upande wa dirisha, chai na biskuti mbele yao. Kiongozi wao alikuwa mwanamama wa Kiparsi, Bi Zarin, mkemia, nywele fupi za kijivu, kalamu haimtoki vidoleni. Profesa akamkaribisha Sarbani kwa sauti ya kumbembeleza. Mimi nilikaa nyuma na daftari langu la maabara, kwa sababu wageni hupenda kuliona.

Sarbani alionyesha pango. Alionyesha milioni mbili, elfu mbili, sitini. Alieleza vizuri, mpaka mimi nikaelewa vitu nilivyokuwa nikivifanya miaka yote. Akafika kwenye slaidi ya namba thelathini na moja, tisini na nane kwa herufi nyekundu kubwa. Profesa akakaa vizuri kitini.

"Molekuli hii ni ya uongo," akasema Sarbani.

Akabonyeza. Ikaja slaidi ambayo Profesa hakuwahi kuiona: safu mbili, giza na nuru. Kikombe kimoja kikagongana na sahani.

"Inaganda mabonge. Ukitia sabuni, kazi yake inashuka hadi nne. Haizuii kimeng'enya cha kala-azar. Haizuii kimeng'enya chochote. Nawaomba msiinunue."

Bi Zarin akafungua ripoti tuliyowatumia mwezi uliopita. "Hapa mmeandika jaribio la kwanza lilikuwa na sabuni. Lingekuwa nayo, mngeona tangu siku ya kwanza. Sasa lipi ni kweli?"

Profesa alikuwa akitazama biskuti.

"Kosa ni langu," Sarbani akasema. "Nilichagua molekuli mbaya, na hesabu zangu—"

"Mwongo!" Nilikuwa nimesimama. Sikumbuki nilisimama lini. "Mwongo huyo! Yeye hajagusa sahani hata siku moja! Sabuni niliitoa mimi. Mimi, Shefali Naskar. Machi, kwa sababu ya povu, na nikaandika humu kwamba imo, na haimo!" Nikalibwaga daftari mbele ya Bi Zarin mpaka chai ikamwagika. "Soma! Kila ukurasa umeandikwa sabuni, na kila ukurasa ni uongo! Huyu ndiye aliyenikamata. Mkitaka mtu wa kumlaumu, nipo hapa, na mshahara wangu ni wa kudumu!"

"Kaa chini, Shefali," akasema Sarbani.

"Sikai!"

"Kaa chini, wewe, unamwagia watu chai."

Bi Zarin akapangusa daftari kwa leso yake, akalifungua, akasoma kurasa mbili tatu. Akalifunga. Akamwambia Sarbani, "Mmetuokolea miaka mitatu. Asante." Kisha wakachukua mikoba yao na kuondoka, na kwenye meza zikabaki karatasi za mkataba bila saini hata moja. Shukrani ndiyo tuliyopata. Shukrani haina pensheni.

Jumatatu Sarbani alivaa sari yake ya pamba ya kijani, akaenda kwenye usaili. Nilimwambia asiende kujidhalilisha. Akasema yeye hajakatazwa mlangoni, atawalazimisha wamtazame usoni wakimnyima. Walimuuliza umepata nini. Akawaambia: sina kitu kilichosimama, ila nina kimoja nilichokiangusha. Nafasi ikapewa kijana wa Bangalore mwenye matokeo mazuri kwenye karatasi. Alhamisi akatimiza arobaini na tano, mama yake akampikia wali wa maziwa na sukari guru, na mimi nikala bakuli mbili nikilia. Naye alinitukana vya kutosha siku hiyo, nikajua nimesamehewa.

Mimi nilipewa barua ya onyo. Nimeibandika ndani ya mlango wa kabati langu, anayetaka kuisoma aje.

Agosti tukarudia sitini zote, na sabuni, kwa mkono, mashine ya kumimina tumeifunika kitambaa. Zilianguka moja baada ya nyingine. Zile nzuri zote, zote mabonge! Mpaka tukafika namba nane. Namba nane ilikuwa imezuia asilimia thelathini tu tangu mwanzo, na hakuna aliyeitazama mara mbili. Nikatia sabuni. Asilimia thelathini na moja. Nikatia sabuni zaidi. Thelathini. Kimeng'enya cha ng'ombe? Sifuri. Cha maharage? Sifuri.

Sarbani akaiweka kwenye skrini. Ilikuwa ndogo, imejibana kwenye kona ya ndani kabisa ya pango, imeshika ukuta kwa pande mbili. Nilingoja matusi.

"Huyu ana adabu," akasema taratibu. Kisha, "Ona hapa pembeni, kuna nafasi. Tukimwongezea mkono upande huu..." Akaanza kuchora.

Profesa alipita akatazama. "Thelathini? Nani atapanda ndege kuja kusikiliza thelathini?"

"Hata asipokuja mtu, Profesa," akasema Sarbani, hakugeuka, "thelathini hii ipo."

Mkono wa kwanza aliouchora ulipotengenezwa haukuleta kitu. Wa pili ulileta kumi na mbili, tukarudi nyuma. Wa tatu ulifika arobaini na nne, na sabuni ikiwemo. Arobaini na nne si dawa. Iko mbali na dawa kama Garia ilivyo mbali na Malda, na treni hiyo watu huipanda wamesimama.

Machi mwaka uliofuata ukafika wakati wa mkataba wake wa kumi na tano. Kuna fomu ya kurasa mbili. Ukurasa wa pili una mstari unaouliza: mafanikio yako makubwa ya mwaka ni yapi? Miaka yote watu wa mkataba wanaupamba mstari huo mpaka unang'aa, maana mkuu wa idara asipotia saini, umekwenda nyumbani. Sarbani aliandika maneno matano, akaipeleka mwenyewe, nami nikiwa mle chumbani nikisainisha maombi ya pipeti.

Profesa akasoma. Akavua miwani.

"Siwezi kupeleka hii Delhi. Andika arobaini na nne. Andika chochote kingine."

"Hiyo arobaini na nne ni ya mwakani, haijaiva. Hili ndilo nililofanya mwaka huu, na nililifanya vizuri."

"Watakukata."

"Wakate. Ila nakuomba usibadilishe neno."

Akanitazama mimi, kana kwamba nina la kumsaidia. Alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu. Akachukua kalamu, akaisoma fomu tena kwa sauti ndogo, kama anayejifunza kuyatamka yale maneno: "Nimeua dawa moja ya uongo."

Akatia saini.